Maisha ya John Ross, Chifu wa Wacherokee

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani, wenzangu walidhani nitamchagua jemadari au mfalme. Nimemchagua mtu aliyetumia muda mwingi wa maisha yake akiwa ameketi mezani anaandika barua. Jina lake ni John Ross, naye alikuwa Chifu Mkuu wa taifa la Wacherokee kule Marekani kwa muda wa karibu miaka 38. Jambo kubwa alilolipigania hakulipata. Hata hivyo naamini kwamba sisi tunaojifunza kusoma na kuandika tunayo mengi ya kujifunza kwake.

Kwanza yafaa niwaeleze Wacherokee ni watu gani. Wengi wetu tumewaona wenyeji wa asili wa Marekani katika filamu tu, wakipiga mbio juu ya farasi na manyoya kichwani. Wacherokee walikuwa wakulima wa mahindi na maharagwe. Waliishi katika vijiji vya mabonde na milima ya kusini mashariki, mahali ambapo leo pana majimbo ya Georgia, Tennessee, Alabama na North Carolina. Ukoo walihesabu kwa upande wa mama, kama wafanyavyo baadhi ya watu wa huku kwetu, na ardhi haikuwa mali ya mtu mmoja bali ya taifa zima. Tafadhali likumbukeni jambo hili la ardhi, maana taabu yote ya Ross ilitoka hapo.

Ross alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1790 katika kijiji cha Turkeytown, karibu na mto Coosa, katika nchi ambayo sasa ni Alabama. Baba yake, Daniel Ross, alikuwa mfanya biashara aliyetoka Uskoti. Mama yake aliitwa Mollie McDonald, ambaye baba yake naye alikuwa Mskoti, lakini bibi yake wa upande wa mama alikuwa Mcherokee. Kwa hesabu ya damu, basi, Ross alikuwa Mcherokee sehemu moja tu katika nane. Kwa hesabu ya ukoo alikuwa Mcherokee kamili, nao walimpa jina la Cooweescoowee, ambalo ni jina la ndege. Baba yake alimwekea walimu nyumbani, kisha akampeleka shule huko Tennessee. Alikua akijua Kiingereza vizuri kuliko Kicherokee, hata katika mabaraza makubwa alihitaji mkalimani. Lakini watu wa kawaida, wale wasiojua Kiingereza hata kidogo, ndio waliompenda kuliko wote.

Katika ujana wake alifanya biashara. Alianzisha kivuko na ghala katika mto Tennessee, mahali palipoitwa Ross's Landing, na leo mahali hapo ni mji mkubwa wa Chattanooga. Mwaka 1817 posta ilifunguliwa karibu na hapo, naye akawa msimamizi wake. Kabla ya hapo, mwaka 1814, alikuwa ofisa katika kikosi cha Wacherokee kilichopigana bega kwa bega na jeshi la Marekani katika vita vya Horseshoe Bend. Mkuu wa jeshi hilo alikuwa Andrew Jackson. Wacherokee walimsaidia Jackson kushinda siku ile, na ninyi mtaona alivyowalipa baadaye.

Mwaka 1816 wazee walimchagua Ross awe katika ujumbe wa kwenda Washington kuzungumza na serikali juu ya mipaka, na mwaka 1819 akawa rais wa Kamati ya Taifa. Mwaka 1823 likatokea jambo lililomjulisha kwa watu wote. Chifu mmoja wa kabila la Creek, William McIntosh, alimwandikia barua ya siri. Alimwahidi dola 2,000, na fedha nyingine kwa wakubwa wenzake, kama wangekubali kuiuzia serikali ardhi ya Wacherokee. Ross hakuichana barua ile, wala hakuificha. Aliipeleka barazani ikasomwa mbele ya watu wote, McIntosh mwenyewe akiwapo. Chifu yule akaondoka kwa aibu. Tangu siku hiyo watu walijua kuwa karatasi ikifika mikononi mwa Ross, itasomwa hadharani.

Wakati huo huo jambo jingine la ajabu lilikuwa likitendeka. Fundi mmoja wa fedha, Mcherokee aliyeitwa Sequoyah, ambaye hakujua kusoma lugha yoyote, alikamilisha mwaka 1821 herufi za kuandikia Kicherokee, kila herufi ikisimama mahali pa silabi moja. Kwa kuwa herufi zote zilikuwa themanini na kitu tu, mtu aliyekijua Kicherokee aliweza kujifunza kusoma kwa muda mfupi sana. Kulikuwa na Wacherokee waliokuwa wamekwisha kuhamia Arkansas, mamia ya maili upande wa magharibi. Sasa mama aliweza kumwandikia mwanawe aliye mbali, na mwana akajibu, bila ya kumtafuta mtu wa kuwaandikia kwa Kiingereza. Baraza lilimtunuku Sequoyah nishani ya fedha, nayo alipelekewa pamoja na barua ya Ross mwaka 1832. Tarehe 21 Februari 1828 gazeti la taifa, Cherokee Phoenix, lilianza kutoka katika mji wao mkuu wa New Echota, kurasa zake zikiwa na Kiingereza na Kicherokee.

Mwaka 1827 Wacherokee walijiandikia katiba, Ross akiwa mwenyekiti wa mkutano wa kuitunga, na mwaka 1828 akachaguliwa kuwa Chifu Mkuu. Haikuwa saa njema ya kushika kazi. Katika muda ule ule dhahabu iligunduliwa katika nchi yao, na Andrew Jackson akachaguliwa kuwa Rais wa Marekani. Jimbo la Georgia likatangaza kuwa sheria zake zitawatawala Wacherokee, wala Mcherokee hataruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya Mzungu. Mwaka 1830 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wote wa mashariki wapelekwe ng'ambo ya mto Mississippi.

Ross angeweza kuwaita vijana washike bunduki. Alijua kuwa wangekwisha wote. Kwa hivyo aliandika. Karibu kila majira ya baridi alisafiri hadi Washington pamoja na wajumbe, wakapanga vyumba, na kutoka huko akawaandikia Rais, Waziri wa Vita, ambaye ndiye aliyeshughulikia mambo ya wenyeji, pamoja na wakubwa wa Bunge. Hakutukana, wala hakuomba kama mwombaji. Namna yake ilikuwa hii: aliutaja mkataba wa zamani, akataja mwaka wake, akataja kifungu chake, kisha akaiuliza serikali kama neno lake lingali neno. Alipenda kuwakumbusha mikataba ya Hopewell wa 1785 na Holston wa 1791, ambayo Marekani yenyewe iliitia sahihi. Na kila barua aliyoipeleka aliitunzia nakala.

Alikwenda mahakamani pia. Mwaka 1831 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza kesi yao, ikisema wao si taifa la kigeni. Mwaka 1832, katika kesi ya mmisionari Samuel Worcester aliyefungwa na Georgia, mahakama hiyo hiyo ilitoa hukumu kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika nchi ya Wacherokee. Furaha ilikuwa kubwa, lakini Jackson hakufanya lolote kuitimiza hukumu hiyo. Georgia ikaendelea kugawa mashamba ya Wacherokee kwa bahati nasibu. Mwaka 1835 Ross alirudi kutoka Washington akaikuta nyumba yake mwenyewe, kule kwenye chanzo cha mto Coosa, imeshikwa na mtu aliyeipata kwa bahati nasibu hiyo, na familia yake imekwisha kutolewa. Akahamia katika kibanda cha magogo upande wa Tennessee. Mwezi wa Novemba mwaka huo askari wa Georgia walivuka mpaka usiku, wakamkamata humo pamoja na mwandishi aliyekuwa mgeni wake, John Howard Payne. Walichukua na karatasi zake. Hata maadui zake walijua nguvu zake zilipokuwa.

Sasa nafika mahali palipo kiini cha habari hii. Tarehe 29 Desemba 1835, Ross akiwa Washington, kikundi kidogo cha Wacherokee kilikutana New Echota na mjumbe wa serikali. Humo walikuwamo Major Ridge na Elias Boudinot, yule aliyekuwa mhariri wa gazeti lao. Walitia sahihi mkataba wa kuitoa nchi yote ya mashariki kwa dola milioni 5 na ardhi ya magharibi. Watu hawa hawakuwa wapumbavu. Waliona kwamba nchi imekwisha kupotea, na kwamba heri kuondoka na kitu kuliko kuondoka bure. Lakini hawakuchaguliwa na mtu kutia sahihi hiyo. Chifu hakuwapo, wala Baraza halikuwatuma.

Mimi nalielewa jambo hili kwa sababu limetupata nyumbani. Mtu mmoja wa ukoo wetu aliwahi kutia sahihi karatasi ya kuuza kipande cha shamba la ukoo, wenzake wasijue. Mnunuzi alikuja na karatasi yake, na sahihi ilikuwa ya kweli kabisa. Swali likawa ni nani aliyempa haki ya kuitia. Kilichotuokoa ni karatasi nyingine, ya zamani, yenye dole gumba za wazee watano, ambayo bibi yangu aliitunza katika sanduku la bati. Wacherokee walikuwa na swali hilo hilo, ila kwao lilihusu nchi nzima.

Ross alijibu kwa karatasi. Yeye na wenzake walipita vijijini wakikusanya majina ya watu wanaoukataa mkataba. Mnamo mwaka 1838 walipeleka Washington ombi lenye majina zaidi ya 15,000, mengi yakiwa yameandikwa kwa herufi za Sequoyah. Karibu taifa zima lilikuwa humo. Lakini Baraza la Seneti lilikuwa limekwisha kuupitisha mkataba ule mwaka 1836, kwa kura moja tu zaidi ya zilizohitajiwa, na serikali haikubadili neno.

Mwezi wa Mei 1838 Jenerali Winfield Scott aliingia na askari wapatao 7,000. Watu walitolewa majumbani mwao, wengine chakula kikiwa bado mezani, wakafungiwa katika maboma wakati wa joto. Kuhara na homa vikawaua wengi, hasa watoto. Ross alipoona hivyo aliandikiana na Scott, wakapatana kuwa Wacherokee wasimamie safari yao wenyewe. Wakaondoka katika misafara kumi na mitatu, wengi wakipita katika theluji na barafu, mwendo wa karibu maili 1,000. Katika watu wapatao 16,000, hukadiriwa kuwa 4,000 walikufa katika maboma, njiani na mara tu baada ya kufika. Wazee wetu wangeiita safari hiyo msiba wa kutembea. Wacherokee huiita Njia ya Machozi. Mke wa Ross, Quatie, alikuwa mmoja wa waliokufa. Alifariki mwezi wa Februari 1839 huko Arkansas, karibu na mji wa Little Rock, akazikwa huko, na mumewe akaendelea na safari pamoja na watu wake.

Kufika hakukumaliza taabu. Mwezi wa Juni 1839 Major Ridge, mwanawe John Ridge, na Boudinot waliuawa siku moja kwa ajili ya sahihi ile. Mara Ross alimwandikia mkuu wa ngome ya Marekani akieleza habari na kukana kuhusika. Chuki iliyozaliwa siku hiyo ilidumu miaka mingi. Hata hivyo, tarehe 6 Septemba 1839, watu wa mashariki na wale waliotangulia magharibi walipata katiba moja katika mji mpya wa Tahlequah. Mwaka 1841 Baraza lilianzisha shule 11 za umma, na mwaka 1851 zikafunguliwa shule mbili kubwa za sekondari, moja ya wavulana na moja ya wasichana. Watu waliokuwa wametoka katika maboma ya askari walijijengea shule kwa fedha za taifa lao.

Mpaka hapa nimewaeleza barua za serikali. Lakini ziko na barua nyingine. Katika safari zake za Washington, Ross alifahamiana na jamaa ya Stapler wa Wilmington, Delaware, watu wa madhehebu ya Quaker. Binti yao Mary alikuwa bado shuleni barua zilipoanza kwenda na kurudi, kwanza kwa adabu za kirafiki, halafu kwa mapenzi. Walioana Philadelphia tarehe 2 Septemba 1844, yeye akiwa na miaka 53 na bibi arusi miaka 18. Wapo waliolishangaa jambo hilo wakati ule, na hata leo lingeshangaza. Katika barua zile mtu mkavu wa mikataba na vifungu anageuka kuwa mume na baba. Katika ndoa mbili alipata watoto kadhaa, na wengine aliwapeleka shule za bweni za mbali, majimbo ya mashariki. Naye aliwaandikia kutoka mjini ambako alikuwa akisubiri majibu ya wakubwa. Sisi tunaokaa bwenini tunajua thamani ya barua kutoka nyumbani. Kwa watoto wa Ross baba naye alikuwa safarini, hivyo barua ndiyo iliyokuwa nyumbani kwao.

Isidhaniwe kuwa Ross hakuwa na doa. Yeye alikuwa tajiri, na sehemu ya utajiri huo ilitokana na watumwa weusi. Mwaka 1835 alikuwa nao wapatao 20, na baadaye waliongezeka. Watumwa wa Wacherokee walitembea pia katika Njia ya Machozi, wakipika, wakikata kuni na kuuguza wagonjwa wa mabwana wao. Mtu aliyejua kuiandikia serikali habari za haki kwa ufasaha namna ile hakuwaandikia hao barua ya uhuru kwa miaka mingi. Sisi Waafrika hatuwezi kulipita jambo hili kimya kimya. Hatimaye, mwezi wa Februari 1863, Baraza la Wacherokee waliokuwa upande wa Marekani lilipiga marufuku utumwa, na mkataba wa 1866 uliwapa watu hao haki zote za raia wa taifa la Wacherokee.

Hapo tulikuwa tumekwisha kuingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ross alitaka watu wake wasiingie upande wowote. Mwezi wa Oktoba 1861, akiwa amezungukwa na majimbo ya kusini, alikubali mkataba nayo. Majeshi ya Marekani yalipofika mwaka 1862 aliondoka nayo pamoja na jamaa yake. Alichukua na hazina ya taifa pamoja na karatasi zake. Aliandika barua kwa Rais Abraham Lincoln, akaonana naye, akaeleza kwa nini mkataba na watu wa kusini ulifanywa. Nyuma yake nyumba yake nzuri ya Park Hill ilichomwa moto na watu wa Stand Watie mwaka 1863, na mwanawe James alikufa akiwa mfungwa wa vita. Mary naye alifariki mwezi wa Julai 1865.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake wakubwa wa serikali walijaribu kumvua uchifu, ili taifa ligawanywe mara mbili. Mzee akiwa mgonjwa kitandani mjini Washington aliendelea kusomewa maandiko na kutoa maneno ya kujibu. Mkataba uliotiwa sahihi tarehe 19 Julai 1866 uliliacha taifa la Wacherokee likiwa moja. John Ross alifariki tarehe 1 Agosti 1866, umri wake miaka 75. Alizikwa Wilmington pamoja na mkewe, na mwaka uliofuata watu wake wakamchukua na kumzika Park Hill, katika nchi yao mpya.

Wasomaji wapendwa, mtu anaweza kuuliza barua hizo zote zilisaidia nini, ikiwa nchi ilichukuliwa na watu wakafa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi ya Wacherokee ilipotea, lakini haikupotea bila habari. Hakuna anayeweza kusema leo kwamba waliiuza kwa hiari, maana majina zaidi ya 15,000 yapo yanamkanusha. Tahlequah ingali makao makuu yao. Mwaka 2017 mahakama moja mjini Washington iliufungua tena mkataba wa 1866, ikaamua kuwa wajukuu wa wale watumwa wanayo haki ya uraia wa Cherokee. Mwaka 2021 mahakama ya Oklahoma ilitumia mikataba hiyo ya zamani kuamua kuwa eneo la Wacherokee halijapata kufutwa kwa sheria. Barua za Ross, za serikali na za nyumbani, zilikusanywa na kuchapwa katika juzuu mbili mwaka 1985, na nyingi zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Gilcrease mjini Tulsa.

Kwa wazazi, ningeomba karatasi za zamani za nyumbani zisiwashiwe moto jikoni. Kwa wanafunzi wenzangu nasema hivi: tunapofundishwa kuandika barua, ya kirafiki na ya kikazi, tusidhani ni zoezi la mtihani tu. Tuandike tarehe, tuandike majina sawasawa, tuitaje ahadi kama ilivyotolewa, kisha tutunze nakala. Huenda siku moja mtu atakayeihitaji bado hajazaliwa.